Matawi Juu ya Shimo la Kasha

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, imechapwa kwenye karatasi ya kawaida ya ofisi, na rangi zake zilikuwa zimeanza kufifia. Maître Pascaline, wakili wao, aliisukuma juu ya meza mpaka ikawafikia wazee wawili waliokaa mbele yake, Akonkwa na mkewe Nsimire.

“Mutazame muzuri,” aliwaambia. “Nguvu yote ya rufaa ya kampuni iko humu.”

Akonkwa akavaa miwani. Akaiona barabara ya Kasha, pale kwao, mita thelathini tu kutoka kwenye ua wake. Akaliona shimo la mtaro ambalo kampuni ya barabara ililichimba na kuliacha wazi. Na juu ya shimo, matawi matatu ya mkaratusi, mabichi, yamesimamishwa kwa mawe. Matawi yale aliyajua. Angeachaje kuyajua, na ni yeye aliyeyakata?

Tuelezane mapema, maana habari za mahakama zina tabia ya kumpoteza mtu njiani. Miaka mitatu nyuma, asubuhi ya mvua kubwa, Nsimire alitoka nyumbani kwenda misa ya saa kumi na mbili. Maji yalikuwa yamejaa shimoni mpaka yakalingana na barabara, na vyote viwili vikawa na sura moja. Alikanyaga maji, akaenda chini. Paja lilivunjika mara mbili, na mguu ulipopona ukawa mfupi kuliko mwenzake. Tangu siku hiyo anatembea na fimbo. Mahakama ya kwanza ilisema kosa ni la kampuni iliyochimba ikaenda zake. Kampuni ikakata rufaa. Na sasa, katika rufaa hiyo, imeiokota picha hii ndani ya simu ya kapita wake, msimamizi wa kazi, iliyopigwa wiki chache kabla ya ajali, na hoja yake ni fupi: sisi alama tuliweka, mama hakutazama, na mwenye macho haambiwi tazama.

Na Kivu nzima ni nani asiyeijua lugha ya tawi? Lori likifa mlimani, dereva huvunja tawi akalilaza nyuma yake. Daraja likikatika, tawi. Halihitaji kisomo. Tawi bichi katikati ya njia linasema: mwenzangu, pole pole, hapa pana jambo. Jaji yeyote aliyekulia huku analielewa, ndiyo maana picha ile ilikuwa mbaya kwao.

“Kama ni kampuni iliweka,” Pascaline aliendelea, “batasema ni faute, ni kosa ya mama, nusu ama yote. Basi ni nani alikuwaka anaweka iyi matawi? Munamujua?”

Nsimire aliangalia viatu vyake. Akonkwa aliangalia kalenda ya ukutani.

“Hatujue,” alisema Akonkwa.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na tisa, na uongo ule ulimtoka laini kiasi cha kumtisha mwenyewe.

Miaka thelathini na mmoja Akonkwa alifanya kazi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, akitunza majani yaliyokaushwa: kila jani na karatasi yake, kila karatasi na jina lake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuona shimo halina alama akalala usingizi. Kampuni ilipochimba na kuhamisha mashine zake, aliiandikia barua. Hakujibiwa. Akaandika ya pili. Hakujibiwa. Ndipo akachukua panga, akakata matawi ya mkaratusi wake mwenyewe, akayasimamisha pale. Alifanya kazi hiyo alasiri, Nsimire akiwa kwenye cherehani za akina mama wa paruasi, yaani parokia, maana mkewe alikwisha mkanya: “Kazi ya kampuni uachie kampuni. Weye uko na mugongo mubaya.” Ndoa ya miaka mingi humfundisha mwanaume kutii mbele na kufanya yake nyuma.

Lakini matawi yalikuwa yakipotea. Anaweka leo, baada ya siku nne tano hayapo. Anaweka mengine, nayo yanakwenda na maji. Miezi mitano alipambana na mwizi asiyemjua. Siku moja akakuta tena mawe matupu, na hasira ikampanda. Akasimama kando ya shimo, peke yake, akasema kwa sauti: “Siweke tena! Mupaka mumoja wabo aanguke njo batajua.” Siku ya pili yake mvua ilianza. Siku ya tatu aliyeanguka alikuwa Nsimire. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wa Akonkwa uliponza mguu, tena si wake.

Tangu hapo alibadilika. Kila asubuhi ndiye anayeamka kwanza, anachemsha maji, anaukanda ule mguu kwa mafuta. Alijifunza kupiga pasi vitenge, na mikunjo yake ilinyooka kuliko ya fundi. Wanawake wa Kasha walimtaja kwa waume zao kama mfano, na waume zao wakamchukia. Sifa zile zilimchoma. Mahakama hakuiogopa sana. Aliogopa jambo moja tu: kwamba Nsimire, akijua, ataitazama miaka hii mitatu upya, na badala ya kumwona mume aliyempenda atamwona mtu aliyekuwa akilipa kosa lake kwa maji ya moto. Na kilichomuuma zaidi, yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba huo ungekuwa uongo.

Kesho yake akarudi kwa wakili peke yake. Pascaline alikuwa anakula ndizi. Walipofika katikati ya maungamo aliisahau mkononi.

“Juu ya nini haukusema jana, papa?”

“Jana mama alikuwa hapa.”

Pascaline alikuwa na umri wa binti yake, na alimjibu kwa upole wa binti. “Papa, mficha uchi hazai. Jaji atakuya mwenyewe ku Kasha, kuangalia mahali. Utasema palepale. Bila maneno yako, iyi picha inabaki ya kampuni.”

“Na juu ya ile siku yenyewe? Bataniuliza?”

“Wakili wabo atauliza. Ni kazi yake.”

“Basi mama abaki nyumbani.”

“Mama njo mwenye kushitaki. Siwezi kumukataza kuya ku shimo yenye ilimuvunja.”

Wiki ile Akonkwa alijaribu mara tatu kumwambia mkewe. Mara ya kwanza Nsimire alikuwa anachambua maharagwe. “Mama Dany,” alianza, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama walivyoitana miaka yote. “Eee?” alijibu Nsimire. “Chumvi iko?” “Iko.” Mara ya pili aliuliza habari za mahubiri ya Jumapili. Mara ya tatu alikohoa tu. Na kwa kuwa alikuwa na shughuli nyingi na ulimi wake mwenyewe, hakuona kwamba mkewe naye alikuwa anaanza sentensi na kuziacha njiani.

Alhamisi ya jaji kuja Kasha ikafika, kwa maana siku mbaya hazichelewi. Gari la mahakama lilishindwa na matope ya mlimani, wakapanda kwa miguu: jaji, mama mnene aliyebadilisha viatu akavaa vya raba, karani wake na faili kwapani, na Maître Delphin, wakili wa kampuni, akiruka madimbwi kwa viatu vyake vilivyochongoka. Kasha yote ilikwisha toka nje. Mwenye duka alifunga duka.

Shimo siku hizi lina kifuniko cha zege. Kampuni ilikileta wiki moja baada ya hukumu ya kwanza, jambo ambalo jaji alimwambia karani aliandike.

Delphin alifungua. “Madame le juge, picha iko mu dossier. Mukubwa wa kazi aliweka signalisation, alama ya kuonya batu. Ni ya kienyeji, nakubali, lakini hapa kwetu hata mutoto anaielewa.”

“Na weye, muzee?” Jaji alimgeukia Akonkwa. “Nakusikiliza bila kiapo, juu uko bwana ya mama. Lakini useme kweli.”

Nsimire alisimama upande wa kulia, ameegemea fimbo. Akonkwa alijizuia kumtazama.

“Ile matawi ni ya kwangu,” alisema. “Ni miye nilikuwaka nakata, ni miye nilikuwaka naweka. Miezi tano. Kampuni haikuweka hata kijiti.”

Watu wakanong'ona. Delphin hakubabaika, alikwisha ona mashahidi wengi. “Sawa, muzee. Na siku mama alianguka, matawi yako ilikuwa wapi?”

Akonkwa akapiga moyo konde. “Ilikuwa haiko. Batu balikuwa banaiba. Nikiweka, banabeba. Nikachoka. Nikasema siweke tena, mupaka mumoja wabo aanguke njo batajua.” Akaonyesha uani kwake kwa mkono. “Panga nilikuwa nayo. Muti nilikuwa nayo. Wakati nilikuwa nayo. Sikuweka juu ya hasira. Kisha bibi yangu akaanguka.”

Akonkwa aliinamisha macho akaviangalia viatu vya raba vya jaji, na alitamani Mungu amfiche popote, hata chini ya kile kifuniko cha zege.

“Madame le juge,” sauti ya Nsimire ilisema, “ule mwizi ni miye.”

Kasha ikapiga ukelele. Jaji akainua mkono. Nsimire akachechemea hatua mbili mbele.

“Nikitoka ku paruasi nilikuwaka naona matawi pale, majani inakauka. Mukaratusi mukavu inawasha moto ya makala vizuri sana. Nilifikiri ni batu ya kampuni banaweka, nikasema basi, hata babo batupatie kitu. Nilikuwaka nabeba. Ile ya mwisho nilipikia maharagi.” Akavuta pumzi. “Na ile asubuhi ya mvua, maji ilikuwa mahali pote. Nilikuwa natafuta tawi kwa macho, kusudi nijue shimo iko wapi. Nilitafuta, nilitafuta. Nikasahau ni miye nilibeba. Miaka tatu sijaambia mutu, hata Papa Dany. Niliona haya. Ananibebaka sawa mutoto, na kosa ni ya kwangu.”

Akonkwa aliinua uso. Mwizi aliyempiga vita miezi mitano alikuwa akilala upande wake wa kushoto.

Delphin aling'aa. “Madame le juge, naomba iandikwe! Mama mwenyewe ametoa signalisation!”

“Signalisation ya nani, Maître?” jaji aliuliza.

Delphin akawaonyesha wazee wawili kwa kidole.

“Muzee alikuwa anaweka,” jaji alisema taratibu, “na bibi yake alikuwa anabeba. Miezi tano. Nimesikia kazi ya bwana, nimesikia kazi ya bibi. Sasa uniambie kazi ya kampuni.”

Delphin alifungua faili, akapindua kurasa, akalifunga. Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea mpaka kwa karani, aliyejifanya anapiga chafya. Jaji yeye hakucheka. Aliomba aonyeshwe mti, na wote wakamfuata mpaka kwenye ua wa Akonkwa. Mkaratusi ulisimama pale umenyolewa tangu chini hadi pale panga la mzee linapofika, na juu yake umebaki na nywele kidogo. Mwaka ule wa shimo Nsimire alilalamika kutwa kwamba majirani wanamwibia matawi, na mumewe akiitikia, “Batu babaya, kabisa.” Sasa Nsimire alimgeukia.

“Papa Dany!”

“Mama Dany,” alisema Akonkwa.

“Andika na muti,” jaji alimwambia karani.

Watu walipotawanyika, wazee hao wawili waliingia ndani, wakakaa, kila mmoja na kiti chake. Kisha Nsimire akauliza lile swali lenyewe, bila kuzunguka.

“Maji ya moto, mafuta, kunipigia pasi. Yote ilikuwa ya kulipa?”

Angeweza kusema hapana. Lakini asubuhi ile alikwisha sema kweli mbele ya Kasha nzima, na kweli ikishaanza kutoka hairudi nyuma.

“Mwaka ya kwanza, ndiyo. Nilikuwa nalipa. Kila asubuhi nilisema, leo tena nimepunguza.” Akajifuta macho bila aibu. “Kisha siku moja nilisahau kupunguza. Naamuka, naona umelala, nafurahi juu uko. Nachemsha maji juu uko. Sijue deni iliishia wapi, Mama Dany. Nisamehe.”

Nsimire akalia, na katikati ya kulia akacheka. “Na miye nilikuwa napokea sawa mwizi.”

“Uko mwizi kweli.”

“Na weye mwenye kunyoa miti!”

Akonkwa alimpenda mwanamke huyu. Alikuwa amempenda tangu siku walizokuwa vijana, ila mapenzi yake yalikuwa yamefunikwa na hofu kwa miaka mitatu, na sasa yalimrudia yote kwa mpigo. Alisogeza kiti chake karibu na cha mkewe. Lakini Nsimire alikwisha acha kucheka, na uso wake ulikuwa umerudia uzito.

“Unaniambia si kosa yangu?”

“Si kosa yako.”

“Miye pia nakuambia si kosa yako. Lakini mapenzi njo inasema vile. Niko nangoja mahakama, Papa Dany. Nataka mutu asiyetupenda aseme.”

Wakangoja wiki saba. Ndani ya wiki hizo Nsimire alikuwa akiamka kabla ya maji kuchemka na kukaa kitandani ameukumbatia mguu wake, na Akonkwa hakujua la kumwambia, kwa kuwa la kwake lilikwisha onekana halitoshi. Pascaline aliwatahadharisha kwamba mahakama ya rufaa inaweza kugawa kosa: sehemu kwa kampuni, sehemu kwa mama. Akonkwa alikuwa tayari kupoteza fidia yote. Sehemu ile ya mama ndiyo aliyoiombea isiwepo, asubuhi na jioni.

Siku ya hukumu ukumbi ulijaa watu wa kesi nyingine. Majaji watatu waliingia, na jaji kiongozi wao akaanza kusoma kwa Kifaransa, harakaharaka, kama padri mwenye misa tatu. Akonkwa alisikia kwamba rufaa ya kampuni imepokelewa, akadhani wameshindwa. Akasikia linalofuata: imepokelewa, lakini haina msingi. Hukumu ya kwanza inathibitishwa yote. Nsimire, ambaye Kifaransa chake kiliishia darasa la nne, alimkodolea macho wakili.

Nje, chini ya baraza, Pascaline aliwapindulia kurasa.

“Mumeshinda. Kampuni peke yake. Wanasema hivi: kuonyana kati ya majirani ni wema, si wajibu. Wema ikuwepo, isikuwepo, mwenye kuchimba shimo anabaki na shimo yake.”

“Na juu yangu?” Nsimire aliuliza.

“Hakuna kosa, mama. Hata kidogo. Mutu kubeba tawi yenye ameona imeachwa ku njia, haiko kosa.”

Nsimire alifumba macho, akayafumbua. Akonkwa alifikiri ataondoka sasa, lakini aligonga karatasi kwa kidole.

“Na juu ya Papa Dany?”

“Papa hakushitakiwa, mama. Mahakama haikuombwa kusema juu yake.”

“Utafute tu.”

Pascaline akatafuta, kwa heshima zaidi kuliko kwa matumaini. Ukurasa wa saba akasimama. Akasoma kimoyomoyo, kisha akaugeuza kwa Kiswahili polepole, neno baada ya neno: katika miezi yote ile, bwana Akonkwa, peke yake na bila kulazimishwa na yeyote, alifanya kile ambacho mkandarasi alipaswa kufanya.

“Usome tena,” Nsimire alisema.

Akasoma tena. Akonkwa aliugeukia ukuta wa mahakama na kuutazama kwa makini sana, mpaka mabega yake yakatulia.

“Banaweza kwenda tena mbele, ku cassation, mahakama kubwa ya Kinshasa,” Pascaline aliwaambia walipoagana.

“Baende,” alisema Nsimire.

Wakashuka ngazi. Akonkwa alimshika mkewe kiwiko, ngazi baada ya ngazi. Kanuni ya Nsimire aliijua: kwenye mteremko na matope atakubali mkono, lakini wakifika kwenye lami atauachia mara moja, maana hataki kuonekana mgonjwa. Na zaidi ya hayo Bashi, watu wa kabila lao, wa umri ule hawashikani barabarani. Mambo hayo wamewaachia vijana wa chuo kikuu. Walipofika chini, kwenye lami tambarare iendayo kituo cha teksi, Akonkwa akalegeza mkono wake kama siku zote.

Nsimire hakuachia. Alihamishia fimbo upande wa pili, akapitisha mkono wake chini ya mkono wa mumewe, akaukaza.

“Mama Dany,” Akonkwa alinong'ona, “hapa ni tambarare. Hakuna shimo.”

“Najua,” alisema Nsimire, na wakaenda hivyo hadi kituoni, watu wakiwatazama.